Chungu Alicholalia Kuku

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengine mengi yametoka bila kuaga. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ile baridi ya Uasin Gishu inayotia vidole ganzi mpaka ushindwe kufunga kifungo, nami nilisimama mlangoni pa jiko langu, sufuria mkononi, sijui nipike nini. Si kwamba sikuwa na kitu. Unga ulikuwapo, maharagwe yalikuwapo, maboga yalijaa chini ya kitanda. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kukila.

Nakuambia haya kwa sababu nawasikia ninyi wa siku hizi. Wajukuu wangu walioko mjini hunipigia simu saa kumi na moja jioni: "Nyanya, leo nipike nini?" Jiko la gesi liko, friji iko, mama wa mboga amekaa pale pale getini, na bado mtu ameshika tama. Sikucheki, mwanangu. Haya, nakucheka kidogo. Lakini swali lenyewe si dogo, na mimi lilinitoa machozi kabla mama yako hajazaliwa.

Wakati huo nilikuwa mke wa miezi mitatu. Mume wangu Yohana aliendesha maksai wa kulima katika shamba la Kaburu mmoja, upande wa Plateau. Mjini tulikwenda kwa miguu, tukirudi jua limeinama, na hakuna aliyeuita Eldoret. Kwetu ulikuwa Sitini na Nne. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha juzi juzi. Sisi ni watu wa Bunyore, tulikuja huku juu kutafuta kazi, na kila Jumamosi tulipanga mstari kupimiwa posho ya unga kwa debe.

Yohana alikuwa amefiwa na mke. Aseneti, mke wake wa kwanza, alichukuliwa na homa, akamwachia msichana mmoja wa miaka mitano, jina lake Rasoa. Nilipoolewa nilimkuta huyo mtoto nyumbani, mnyamavu, macho makubwa, shingo nyembamba. Na huyo mtoto, mwanangu, alikuwa hali chakula changu.

Hakuwa na utukutu. Afadhali angekuwa nao! Alikuwa akichukua tonge, analiviringa, analiviringa tena, halafu analirudisha sahanini polepole kana kwamba anaogopa kuliumiza. "Nimeshiba," anasema. Mtoto ameshiba bila kula! Kilichomweka hai kilikuwa kikombe cha maziwa alichopewa kila asubuhi na jirani yetu, mama mmoja mzee wa Kinandi. Huyo nitakuja kwake.

Habari zikafika Bunyore, maana habari mbaya haihitaji nauli. Mama mkwe wangu akatuma neno kwa mtu aliyekuwa akirudi kazini: "Mwambieni huyo msichana, mwezi ukiandama nakuja. Nikikuta mjukuu wangu bado ni mifupa, narudi naye." Yohana alisikia, akaendelea kushona mkanda wa nira bila kuinua kichwa. Hakunilaumu, na kutolaumiwa kule kuliniuma kuliko kupigwa.

Aibu ilikuwepo, sikatai. Watu wangesema mama wa kambo amemnyima mtoto wa marehemu. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine. Usiku Rasoa alilala akinipa mgongo, na miguu yake ya baridi aliibandika kwenye miguu yangu kutafuta joto. Nilimzoea, kisha nikampenda. Sikutaka aende.

Basi nikatafuta dawa, na dawa nikaitafuta mbali.

Asubuhi nilikuwa nikiosha vyombo kwenye nyumba kubwa ya Kaburu. Kila siku baada ya chai, mkewe, Memsahibu, aliketi mezani jikoni pamoja na mpishi wake. Alikuwa na daftari lenye madoa ya siagi. Aliuliza kilichoko stoo, akauliza kilichoko bustanini, akauliza kilichobaki jana, ndipo akaandika: mchana hiki, jioni kile. Mimi nikiwa na mikono ndani ya maji ya magadi nilimtazama kwa mshangao. Kwetu mtu alifikiria chakula akiwa na njaa. Huyu mwanamke alikifikiria akiwa ameshiba! Nilimstahi kwa hilo, na hadi leo namstahi. Ukitaka kujua kwa nini meza ya mtu haina fujo, tazama anafikiri saa ngapi.

Kwa hiyo nikaanza kuiba kwa macho. Nilipika supu ya njegere, Rasoa akachovya kidole akasema ameshiba. Nikakausha mkate kama walivyokausha Makaburu, unaoliwa kwa kuchovya kwenye chai. Rasoa akampa mbwa. Nikapika mayai na maziwa yakagandamana, sijui hata yaliitwaje, nikayala mwenyewe. Kila siku nilibuni jipya. Majirani walianza kunung'unika kwamba jiko la Perusi, ndiyo mimi, linanuka kama hoteli, nami nikafurahi, maana nilikuwa na kiburi cha upishi. Bado ninacho kidogo.

Mwisho nikaona kule vichapati vidogo vya maboga. Unaponda boga lililochemshwa, unatia unga na yai, unakaanga kijiko kimoja kimoja, unanyunyiza sukari na mdalasini. Mdalasini sikuwa nao. Nikajikaza, nikamwomba Memsahibu. Akachota kidogo, akanifungia kwenye karatasi, akasema kwa Kiswahili chake cha shamba, "Hii chakula ya bibi yangu. Ile mama ya mama." Akatazama dirishani kidogo. Mimi nilisikia mdalasini tu, sikusikia maneno mengine.

Nilivikaanga vizuri, vikawa vya rangi ya dhahabu, nikampangia Rasoa kwenye sahani ya maua niliyopewa siku ya harusi. Alichukua kimoja. Akakinusa. Akakiuma ukingoni mahali pamoja, akakirudisha. "Nimeshiba."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya nyumba, mwanangu. Zilikuwa zimebaki siku tano mwezi uandame. Nilipomaliza kulia nilipangusa uso, nikachukua ile sahani, nikaenda kwa jirani. Nilitaka mtu mmoja tu anisifu.

Jirani huyo alikuwa Kogo. Kwa Kinandi kogo ni nyanya, na shamba zima lilimwita hivyo, hata wale waliomzidi umri. Yeye na wanawe waliishi pale na ng'ombe wao kabla ya sisi kuja, na nadhani hata kabla ya Kaburu mwenyewe. Alikuwa mrefu, masikio yake yametobolewa na kuvutwa mpaka yakagusa mabega, na alikuwa na tabia ya kukusikiliza huku akikoroga au kukamua au kusugua kibuyu, hivyo hukujua kama amesikia mpaka akujibu. Katika maisha yangu nimekutana na walimu, wahubiri na machifu. Sijaona mtu aliyetumia maneno machache vile yakafanya kazi nyingi vile.

Alikula chapati moja, akala ya pili, akalamba sukari kidoleni.

"Tamu," akasema. "Tamu sana. Sasa Mama, hii chakula ni ya nani?"

"Nilimpikia Rasoa, Kogo. Amekataa."

"Hapana. Hii ni chakula ya Memsab. Wewe nabeba tu mpaka kwa Rasoa."

Akachukua kibuyu chake akaanza kukisugua ndani kwa kijiti chenye mkaa, kile wanachotengenezea mala, maziwa ya kugandishwa, na mimi nikangojea.

"Mtoto yako nakaa wapi mchana?"

"Kwenye banda la kuku. Anapenda vifaranga."

"Kifaranga iko wapi? Kuku bado nalalia mayai." Akanitazama mara moja, kwa upole, nikaona kwamba amelijua jambo hilo siku nyingi na alikuwa akingoja niulize. "Mimi sisemi kitu. Wewe enda tu, inama, angalia hiyo kuku nalala ndani ya nini."

Sikuhitaji kwenda, mwanangu. Nilijua pale pale, na uso wangu ukawaka.

Nilipoolewa nilikuta pembeni mwa jiko chungu cha udongo chenye matundu madogo chini. Nilimwuliza Yohana ni cha nani. Akasema, "Cha marehemu," akatazama kando. Nami nilijua kazi yake, kwa maana mama yangu alikuwa nacho. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, majivu yake unayatia katika chungu hicho, unamimina maji juu, na chini yanadondoka maji ya rangi ya chai. Hayo ndiyo munyu, chumvi yetu ya asili, inayolainisha mboga ngumu na kuipa ladha ambayo haina jina. Lakini mimi nilisoma misheni. Misheni walitufundisha kwamba majivu ni ya kusugulia sufuria, na mboga hulainishwa kwa magadi ya dukani. Hicho kilikuwa kisingizio. Ukweli ni kwamba sikutaka kutazamana na chungu cha mke mwingine kila nikiwasha moto. Nikakitoa nje, nikatia nyasi, nikampa kuku atagie. Nikasema kinavuja.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama mlangoni mwa banda. Kuku alikuwa amejikunyata ndani ya chungu, macho yamefumba nusu, na Rasoa amechutama kando yake, kiganja kimoja juu ya ukingo wa chungu. Hakuwa akimshika kuku. Alikuwa amekishika chungu.

Nilichutama na mimi. Nilikuwa nimemwuliza mara nyingi anataka kula nini, na hakunijibu hata mara moja. Sasa nikamwuliza jambo jingine.

"Rasoa, hiki chungu mama yako alikuwa anafanyia nini?"

Aligeuka akanitazama. Katika miezi mitatu sikuwa nimewahi kumtaja mama yake.

"Anatengeneza munyu," akasema. Halafu maneno yakaanza kutoka, sikuwahi kujua mtoto yule ana maneno mengi namna ile. "Anaweka nyasi kwanza, ndiyo majivu isianguke. Halafu majivu. Halafu maji, kidogo kidogo. Inafanya ndo, ndo, ndo. Mimi nakaa hapa naangalia ikijaa."

"Majivu ya kuni?"

"Ya kuni!" Alinionea huruma waziwazi. "Ya maganda ya maharagwe."

Nilikuwa najua. Lakini niliacha anifundishe, na hiyo ndiyo akili pekee niliyoonyesha mwezi ule.

Kuku tulimhamisha jua likizama, kwa ushauri wa Kogo, kwa sababu kuku anayelalia hukubali kuhamishwa giza likikaribia, mchana angeyakimbia mayai. Rasoa alishika kikapu, mimi nikabeba mayai kumi kwenye aproni ya misheni. Kati ya hayo saba yalianguliwa, nikuondolee wasiwasi.

Kesho yake tuliamka tukachukua kikapu kitupu, tukaingia shambani bila kupanga kitu. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mimi nilielekea kwenye kunde, zilizopandwa kwa mstari na kunyooka. Rasoa akazipita. Akaenda mpaka ukingoni, karibu na ua la miti ya Kaburu, mahali ambapo mitoo ilikuwa imejiotea katika mbegu zilizomwagika msimu wa Aseneti. Mitoo unaijua, majani madogo, maua ya manjano, ladha yake ina uchungu kidogo. Nilipita hapo kila siku nikienda kuosha vyombo na sikuwahi kuinama, kwani haikuwa katika daftari la Memsahibu.

"Hii mingi," akasema Rasoa, akichuma. "Na kunde kidogo. Uchungu usizidi." Alinijazia kikapu kwa kipimo cha mikono yake, viganja viwili vya hii, kimoja cha ile, na mimi nikaona mikono ya mwanamke ambaye sikuwahi kukutana naye ikifanya kazi katika mikono ya mtoto. Wivu wangu uliisha pale ukingoni pa shamba. Aseneti alikuwa mpishi, mwanangu. Mtu anayemfundisha mtoto wa miaka minne mpaka akaweza kukumbuka kipimo, huyo ni mpishi kunizidi mimi.

Tukachoma maganda, tukachuja munyu, tukachemsha mboga mpaka ikalainika na nyumba nzima ikanukia. Nikachukua sahani nipakue. Rasoa akanishika mkono.

"Bado. Leo hatuli. Inalala."

Nilikuwa nimesahau. Mboga ile hupikwa leo, ikalala, kesho ikatiwa maziwa na kurudishwa motoni, na ndipo huwa mboga. Nikaweka sahani chini. Na wakati uleule, mbwa akabweka, nikasikia hodi. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama uani, mzigo kichwani, vumbi mpaka magotini. Hakungoja mwezi.

Siwezi kukueleza moyo wangu. Chungu cha mboga kiko jikoni, kinanukia, na hakijawa tayari! Niliwaza nitie maziwa haraka haraka nipakue, mtoto ale mbele ya nyanya yake, mambo yaishe. Nilimtazama Rasoa. Akatikisa kichwa. Nikampakulia mama mkwe ugali na maharagwe, na Rasoa akaviringa tonge lake, akalirudisha sahanini, akasema ameshiba. Mama mkwe aliona kila kitu.

"Keshokutwa asubuhi lori ya shamba inapeleka mahindi stesheni," akasema. "Nimeuliza huko njiani. Mimi na Rasoa tutapanda hiyo." Akafungua mzigo wake akatoa gauni dogo jipya la bluu, la safari, akalitundika kwenye msumari. Yohana alitoka nje.

Nililala nikitazama gauni lile mpaka jogoo akawika.

Asubuhi nilienda kwa Kogo na kibuyu. Nilimwambia yote. Alinijazia maziwa, na juu yake akanichotea krimu kwa mkono wake mwenyewe. "Hata Aseneti alikuwa natoa maziwa kwangu," akasema. "Yeye nanipa mboga, mimi nampa maziwa. Sasa miezi mingi sijala mboga." Hilo tu. Kumbe hata Kogo alikuwa na njaa ya mikono ya Aseneti, akanivumilia na supu zangu za njegere bila kunung'unika. Jungu kuu halikosi ukoko, lakini ukoko haujibandui wenyewe, lazima ukwangue.

Jioni ile nilipakua. Mama mkwe alichukua tonge, akachota mboga, akatia kinywani. Akaacha kutafuna. Nilidhani nimeharibu.

"Hii ni mboga ya Aseneti," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Hapana. Hii ni mboga yangu. Ni mimi nilimfundisha Aseneti akiwa msichana wa kuolewa, hajui hata kuwasha moto." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wewe nani alikufundisha?"

"Rasoa."

Alijifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwani. Yohana alikuwa ameacha kula. Tukasikia kitu kikikwaruza. Rasoa alikuwa ameinamia bakuli lake, ameshamaliza, anakomba ukingoni kwa kidole, mashavu yamechafuka mpaka masikioni. Akakomba, akalamba. Kisha akajipangusa mdomo kwa mkono, akanigeukia mimi na kuniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu mwenye shughuli nyingi:

"Kesho tupike nini?"

Mama mkwe aliteremsha kitambaa. Alimtazama mjukuu wake, akanitazama mimi. Baadaye aliinuka, akaliondoa lile gauni la bluu kwenye msumari, akalikunja, akaliweka ndani ya sanduku langu, chini kabisa, pamoja na nguo zangu. "Atavaa kanisani," akasema. Lori ilipopita kesho yake asubuhi, alipanda peke yake, amepakata kikapu cha mitoo kilichofunikwa kwa jani la mgomba.

Kogo nilimpelekea bakuli lake siku ileile. Alikula amesimama, na alipomaliza alirudisha bakuli limejaa maziwa.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na usiidharau kwa kuwa ni ya jikoni. Ukikosa la kupika, usianze na sufuria, wala usianze na simu yako yenye picha za vyakula vya watu usiowajua. Anza na yule atakayekula. Na usimwulize tu anataka nini, maana wengi hawajui kulisema. Mtazame anapokaa, tazama amegusa nini, mwulize habari za jiko alikokulia. Halafu beba kikapu kitupu, uzunguke shambani au sokoni, uone kilichoko, kwa kuwa msimu nao una mpango wake na ni mpango wa zamani kuliko wako. Uliza kilichobaki jana. Fikiri ukiwa umeshiba. Hilo nilifunzwa na Memsahibu, na silirudishi.

Wala usidhani nakukataza vya wageni. Usiache mbachao kwa msala upitao, ndiyo, lakini ukishauketia mbacha wako hata msala unaweza kuutazama kwa raha. Baada ya mwezi mmoja nilikaanga tena zile chapati za maboga, na Rasoa alikula sita. Alitaka kwanza kupewa chake ndipo aonje cha wengine. Na siku hiyo ndipo nilipoyasikia maneno ya Memsahibu niliyoyaacha dirishani, kwamba ni chakula cha mama ya mama yake. Kumbe naye, pamoja na daftari lake, alikuwa mbali na kwao, anapika kumtafuta mtu. Ningempa mitoo, ila niliogopa.

Kama kuna chungu cha mtu mwingine jikoni mwako, cha mama mkwe, cha marehemu, cha aliyekutangulia, usimpe kuku. Kitumie. Hakikupunguzii kitu.

Rasoa sasa ni nyanya, anaishi mahali paitwapo Ziwa, ana mashavu kuliko mimi. Kile chungu kilivunjika zamani. Siku hizi hutoboa ndoo ya plastiki kwa msumari wa moto, na munyu unadondoka vilevile. Hunipigia simu jioni kama ninyi wengine, na swali lake ni lilelile, nami hujifanya limenichosha.

Nenda basi, mwanangu, giza linaingia na moto haujajiwasha. Mungu akujalie unga usipunguke pipani, jirani mwenye maziwa na maneno machache, na mkono wako uwe na ladha hata siku ya mboga chungu. Na zaidi ya yote, kila ukimaliza kupakua, akujalie mtu wa kukomba bakuli, akugeukie, akuulize habari ya kesho.